Mwaka wa Kukata Mitutu

Nilipopangiwa kazi ya mtendaji wa kijiji kule ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, ndugu zangu wa Mwimbi walifurahi. Walisema angalau sikupelekwa mikoa ya watu. Ni kweli. Kutoka Sumbawanga mjini unafika kwa pikipiki asubuhi ileile uliyoondoka, na lugha ya pale ni Kifipa, ingawa Kifipa changu cha upande wa Kalambo kiliwafanya akina mama watabasamu kila nilipofungua mdomo. Lakini kwa muda wote niliokaa pale sikupata mtu wa kumwambia, leo kichwa kinaniuma. Mume wangu alikuwa Tunduma kwenye biashara ya nafaka, na simu zake zilikuwa zinazidi kuwa fupi. Binti yetu alikuwa shule ya bweni. Mimi nilikuwa na mhuri, bendera ya kupandisha na kushusha, na ofisi ya vyumba viwili ambayo upepo wa Juni uliingia popote ulipotaka.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mgane. Alikuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi, amewafundisha nusu ya kijiji komunyo ya kwanza, na sauti yake ilikuwa bado ya mtu aliyezoea kusikika mpaka benchi la nyuma. Mkewe alikuwa amefariki miaka michache kabla sijafika. Jioni nilikuwa natoa chupa ya chai barazani, naye anakuja na kigoda chake, tunakaa tukiangalia nyasi zinavyolala na kuinuka. Nilimwita baba. Yeye aliniita mwanangu, isipokuwa mbele za watu, hapo niligeuka mama mtendaji.

Habari zake zote zilikuwa za marehemu. Alivyokuwa analima matuta makubwa ya kufukia nyasi, peke yake, kabla jua halijawa kali. Alivyokuwa hataki ugali wa mahindi usiku, lazima uwe wa ulezi. Alivyokuwa anamrekebisha mumewe Kifipa chake, kwa kuwa yeye alitoka ukoo wa wasemaji. Nilizisikia habari hizo mara nyingi hata nikawa namjua yule mama kama shangazi yangu, na nikiwa ofisini nilijikuta nikisubiri jioni. Mtu akikaa peke yake muda mrefu, hata marehemu wa mwenzake anakuwa mgeni wa kumsogezea kiti.

Pale kijijini, nyumba nyingi za upande wa mteremko zilikuwa na gobore. Nguruwe pori walikuwa wanapanda kutoka kwenye msitu wa kuelekea bonde la Milepa, wakiingia shamba la mahindi wanaliacha kama limepitiwa na trekta. Kila mtu alijua nani analo, na hakuna aliyesema. Polisi kata alipouliza, watu waliangalia viatu vyao. Lakini msimu mmoja kabla sijafika, ndugu wawili wa tumbo moja waligombea mpaka wa shamba, gobore likalia, na mmoja akazikwa. Mama yao nilimkuta bado hai. Alikuwa anapita mbele ya ofisi yangu kwenda kisimani, mtoto mmoja kaburini na mwingine gerezani, na aliponisalimia nilikosa pa kuweka macho.

Kwa hiyo tangazo la msamaha lilipotoka, nililipokea kwa moyo wote. Mwenye silaha isiyo na kibali aliruhusiwa kuisalimisha kwa hiari ndani ya muda uliowekwa, hatashitakiwa wala hataulizwa aliipata wapi. Na katika tarafa yetu wahisani fulani wa kilimo waliongeza chambo: kila atakayesalimisha gobore atapata mfuko wa mbolea. Nilizunguka na kipaza sauti cha kanisa vitongoji vyote. Mzee wangu naye alisimama baada ya ibada ya Jumapili akawahimiza waumini. Alisema amri ya tano, usiue, haina kiambatisho cha nguruwe. Watu walicheka, na wiki hiyohiyo magobore yakaanza kuja.

Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaanza kuyaangalia vizuri.

Siku moja jamaa mmoja alileta gobore jipya kabisa, kitako cha mti mbichi, mtutu umepakwa masizi. Polisi kata, kijana mpole aliyekuwa anatoka makao ya kata kwa pikipiki yake, alilinyanyua, akachungulia ndani, akakwangua masizi kwa kucha. Chini yake ilitokea rangi ya buluu.

"Ndugu yangu," akamwambia, "hili likilia litatoa maji."

Lilikuwa bomba. Asubuhi ileile nesi wa zahanati alikuwa amekuja kulalamika kwamba bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi limekatwa, na akina mama wanaojifungua wanaletewa maji kwa ndoo. Yule jamaa hakuona haya hata kidogo. Alisema tangazo lilitaka gobore, halikusema lazima liwe limewahi kupiga.

Baada ya hapo mwenzangu, mtendaji wa kijiji jirani, alinitumia picha kwenye simu. Gobore lenye kitako kilichofungwa ngozi ya mbuzi. Akauliza, "Si ulinisimulia umepokea la namna hii?" Nilikwenda stoo. Halikuwepo. Kufuli la stoo yetu lilikuwa maarufu. Ukilipiga kwa ubapa wa jembe linafunguka lenyewe. Mtu alikuwa amelichukua tena lile gobore, akavuka nalo mto, na kulisalimisha upya upande wa pili apate mfuko wa pili.

Lililonikera zaidi lilikuwa la mwenye duka. Tangazo lilikuwa limeruhusu mtu kusalimisha kwa niaba ya mwingine, kwa kuwafikiria wazee na wagonjwa. Mwenye duka akageuka mkono wa kijiji kizima. Alikuwa anakuja na vyuma vilivyooza, visivyo na kifyatulio, anasema hili la fulani, hili la babake fulani. Wenyewe walikuwa nyumbani na magobore yao mazima. Mifuko ya mbolea ilikuwa inapangwa dukani kwake, na usiku milio bado tunaisikia kule mteremkoni.

Tulikaa na polisi kata ofisini, mvua ya kwanza ikigonga bati, tukazungumza tufanye nini. Yeye alitaka tusimamishe zoezi. Mimi nikamwambia tukisimamisha, wanaocheka watacheka zaidi. Tuzibe matundu. Alipata ruhusa kwa wakubwa wake, na mkutano wa hadhara ukaitishwa nikasoma utaratibu mpya mwenyewe. Silaha isiyo kamili haipokelewi. Mwenye nayo aje nayo kwa mikono yake, hakuna kwa niaba. Na mtutu unakatwa hapohapo na fundi atakayekuja siku maalumu, vipande viwili, mwenyewe akiwa amesimama anaangalia, ndipo aondoke.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji alikohoa, akahamia ajenda ya choo cha shule.

Kuanzia kesho yake nilianza kuishi katika kijiji kingine, japo ni kilekile. Dukani sukari ilikuwa imekwisha nikifika mimi. Kisimani mazungumzo yalikatika, akina mama wakawa wanaangalia ndoo zinavyojaa. Shikamoo nilipewa na watoto peke yao. Hakuna aliyenitukana, na pengine ningetukanwa ningekuwa na la kujibu. Nilimpigia mume wangu nikamweleza. Alisema, "Ndiyo kazi uliyoomba," kisha akasema yuko kwenye mizani anapima mzigo, atanipigia. Hakupiga.

Aliyekuja wa kwanza chini ya utaratibu mpya alikuwa mfugaji mmoja Msukuma. Alikuwa amehamia miaka ya nyuma na ng'ombe wake kutoka upande wa Geita, akaweka maskani nje kidogo ya kijiji, na mpaka wakati ule watu walimwita mgeni. Alikuwa mrefu, mwenye shuka begani na maneno machache. Hakuja na silaha. Alikuja kuuliza.

"Mama," alisema, "nitaileta. Ilikuwa ya baba yangu. Ninaomba kitu kimoja tu. Nikishaiweka hapo, mniache niende, ndipo mkate."

"Kwa nini?"

"Sitaki kuisikia."

Nilimwelewa, na ilibidi nimkatalie. Nilimweleza habari ya lile lenye ngozi ya mbuzi. Nikamwambia nikimruhusu yeye, kesho watakuja wengine na baba zao, na baada ya wiki stoo itakuwa tupu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Nitarudi siku fundi akija."

Jioni ile, barazani, mzee wangu hakuzungumza habari za matuta. Aliizungusha chai kwenye kikombe mpaka ikapoa. Kisha akaniuliza kama ni kweli hakuna tena kwa niaba.

"Hakuna, baba."

"Hata kama mtu yuko nyumba moja na mtendaji?"

Nilidhani anatania. Nilimtazama nikaona hatanii.

"Unalo?" nikamuuliza.

"Lipo ndani," alisema. "Uvunguni. Upande wa marehemu."

 Upepo ulikuwa umetulia, na kule bondeni ilisikika kengele ya ng'ombe mmoja aliyechelewa. Nilikumbuka amri ya tano na kicheko cha waumini, na nikajua kinachomsumbua. Atapitaje katikati ya watu wale akiwa amelibeba?

"Nilifikiri nitakupa wewe," aliendelea. "Utalifunga kwenye kanga, utakwenda nalo asubuhi na mapema. Wewe si mtu wa kuulizwa."

"Baba, leo mchana nimemkatalia yule Msukuma. Yeye aliomba kidogo kuliko hicho. Nikikufanyia wewe, nitamwambia nini?"

Hakukasirika. Ningependa niseme alikasirika, maana hasira ingenipa pa kushika. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya mtoto akijibu vizuri katekisimu.

"Ni kweli," alisema. "Utamwambia nini."

Alimwaga chai nyasini, akachukua kigoda chake, akaingia ndani.

Siku ya fundi ilikuwa Jumamosi. Fundi wa kuchomelea alikuja kutoka mjini na misumeno yake ya chuma, akafunga meza yake ya kubania mbele ya ofisi. Watu walijaa kuliko mkutano wowote niliowahi kuitisha, wengi wao hawakuja na kitu, walikuja kuangalia nani ataaibika. Mwenye duka alikaa mbele kabisa. Wachache walisalimisha, wakisukumana na kutaniana. Kila mtutu ulipoanguka vipande viwili, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, lakini mwenye nao alishtuka kila mara.

Mzee alitokea njia ya kanisani. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Gobore alilibeba wazi, mikononi, kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Minong'ono ilipita, kisha ikakatika. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza na mhuri wangu na sikuweza kuinuka kumpokea, kwa sababu kwa wengine sikuwa nimeinuka. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba kwa sauti ya kawaida, akaliweka mezani.

Lilikuwa kubwa, la zamani, na safi. Polisi kata alipitisha kidole kwenye mtutu, kidole kikatoka kinang'aa mafuta ya alizeti. Akauliza kama alivyowauliza wote.

"Mzee, silaha hii ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

Polisi alidhani hakusikia vizuri. "Alikuachia wewe?"

"Ilikuwa yake. Alikuja nayo kutoka kwao, babake alimpa kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume." Sasa alikuwa amegeuka, anawaangalia watu, na ile sauti ya benchi la nyuma ikatoka. "Mimi sijawahi kulenga hata kopo. Zile nyama za Pasaka mlizokula mkasema katekista ana jicho, zilikuwa zake. Alikuwa anapanda dunguni usiku, mimi nashikilia tochi. Asubuhi mimi nabeba. Tukaona aibu, mwanamke na bunduki, mume anafundisha dini. Tukawaacha mseme mnavyosema."

 Nyuma mtu akaanza kucheka, kile kicheko cha puani, na mwingine akampokea. Nilimwona mzee akishika kifungo cha koti lake.

"Mimi nilijua," sauti ikasema.

Alikuwa yule mfugaji. Alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake, gobore la babake limefungwa kwenye keria. Watu wakageuka.

"Mwaka niliofika," alisema, bila haraka, "ng'ombe zangu ziliingia kwenye ulezi wa huyu mzee. Nilikuwa sijui mipaka. Nikasikia mlipuko, dunia nzima ikatikisika. Ng'ombe zikakimbia. Kuangalia juu dunguni, anashuka mama, mfupi, kajifunga kanga mbili, bunduki inamzidi urefu. Akanijia mpaka hapa." Akaonyesha kifuani kwake. "Akasema, ya pili sipigi hewani."

"Ukafanyaje?" mtu akauliza.

"Nikamwambia, shikamoo mama."

Kijiji kizima kiliangua kicheko. Hakikuwa kile cha puani. Akina mama walishikana mabega. Polisi kata aligeuka ukutani. Na mzee, ambaye nilikuwa namhofia ataanguka, alikuwa anacheka mpaka koti linatikisika, machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

"Alinisimulia," alisema. "Alinisimulia jioni ile. Alisema, leo nimeamkiwa na jitu."

"Tangu siku ile nilipitisha ng'ombe kule chini," mfugaji alisema. "Mpaka alipofariki nilikuwa napitia kule chini."

Fundi akauliza kwa upole kama aendelee. Mzee alilipangusa gobore kwa kiganja mara ya mwisho, kuanzia kitako mpaka mdomoni, akarudi nyuma. Mfugaji aliegesha baiskeli, akaja akasimama karibu naye. Hawakushikana, hawakuangaliana. Msumeno uliuma, ukalia, ukapita. Lilipokwisha la mzee, mfugaji alifungua kamba akaleta la babake, na mzee akabaki amesimama palepale mpaka nalo likaisha.

Kisha mfugaji aliuweka mfuko wa mbolea wa mzee juu ya wa kwake kwenye keria, wakaondoka njia moja wakiisukuma ile baiskeli wote wawili. Nilibaki kukusanya vipande kwenye kiroba na kufunga ofisi. Baada ya siku ile zoezi lilikwenda vizuri. Watu walikuja wenyewe na magobore mazima, hata mwenye duka alileta la kwake, ambalo kumbe alikuwa nalo siku zote. Wakubwa wa wilaya walinisifu kikaoni, nikapigiwa makofi na watu nisiowajua.

Jioni ile ya Jumamosi nilitoa chai barazani kama kawaida. Giza lilipoingia mzee alirudi, akanisalimia kwa uchangamfu, akasema ameshakula, kwa yule mfugaji walimpikia. Jumapili ilikuwa hivyo tena. Mwanzoni nilidhani amenuna. Haikuwa hivyo. Asubuhi alikuwa ananiuliza hali, ananitakia kazi njema. Ila jioni miguu yake ilikuwa inamwelekeza kwingine, na sikuchukua muda kuelewa. Mimi nilikuwa nimepewa habari za ulezi na matuta, na nilizipokea kwa heshima zote, lakini mimi yule mama sikumwona. Yule mfugaji alimwona. Alikuwa na kipande chake, na mzee alikuwa na njaa ya kusikia badala ya kusimulia.

Nguruwe walikuja, kama watu walivyotabiri. Mwaka ule walishambulia mpaka mashamba ya karibu na shule. Nilisikia watu wakisema mtendaji ametuletea nguruwe. Mfugaji alikuwa na mbwa wakali, mzee alikuwa na kengele ya zamani ya kigango iliyopasuka, na wao wawili ndio walioanzisha ulinzi wa zamu: mbwa, madebe, moto. Vitongoji vikaiga. Waliookoa mahindi waliokoa, wengine walipoteza. Nilimwambia mwenyekiti nami niwekwe kwenye zamu. Alisema, "Mama, wewe huna shamba," na alisema kwa nia njema. Usiku nililala nikisikia madebe yakigongwa mbali, watu wakiitana kwa majina kutoka shamba hadi shamba, wakicheka. Ilikuwa kama sherehe ya jirani ambayo hukualikwa, na huwezi kulalamika kwa kuwa wewe ndiye uliyeileta.

Nilihamishwa baada ya mavuno yaliyofuata. Mzee alinisaidia kufunga godoro. Mfugaji alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, nikakipakata njia nzima.

Sasa ninaishi Malangali, pale Sumbawanga mjini. Nina nyumba ya tofali za kuchoma, mahindi kidogo nyuma, na kazi ya ofisini ambayo inaisha saa tisa na nusu. Mume wangu alibaki Tunduma, na hatimaye tukaacha kusingizia biashara. Binti yangu amemaliza masomo, yuko Mbeya, ananipigia Jumapili. Majirani zangu ni watu wema wanaotoka alfajiri na kurudi usiku, tunapungiana mikono getini.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilichukua pikipiki nikaenda kule. Sikuwa na sababu. Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya, na mama mmoja akanielekeza kwa mfugaji bila hata kufikiri. Nilimkuta mzee amekaa uani kwenye jua, macho yamefifia, wajukuu wa mfugaji wanapita juu ya miguu yake. Alinijua kwa sauti.

"Mwanangu," alisema, "umekonda."

Tuliongea. Aliniambia mvua zilikuwa nzuri, ulezi umejaa. Aliniambia pia kwamba kule mteremkoni kuna kijana ameanza kuunda magobore mapya, ya vyuma vya magari, na kwamba mtendaji wa sasa anajua. Alisema kama anavyosema mtu habari ya magugu. Kisha akataka kujua habari zangu, nikampa zile za kusomwa kikaoni: kazi, binti, nyumba.

"Na huko mjini," akauliza, "unaye wa kuongea naye?"

"Ninaye, baba."

Aliuelekeza uso niliko.

"Basi vizuri," alisema.

Mke wa mfugaji alinifungashia unga wa ulezi. Wazee wote wawili walinisindikiza mpaka barabarani, mfugaji akimwongoza mwenzake kwa kumshika kiwiko, wakasubiri mpaka pikipiki ya kunirudisha ilipofika. Nilipanda, nikawaaga. Walipogeuka kurudi, nilisikia mzee akianza kusema jambo, na mwenzake akacheka kabla halijaisha. Nilitega sikio. Mzee alikuwa anaongea Kisukuma, lugha ambayo sijui hata neno.